Gari Lililonyanyuliwa kwa Ajili ya Mama

Ndugu zangu, kabla sijaliingia neno lenyewe, nipeni masikio yenu kidogo niwasimulie habari ya mtu mmoja.

Mtu huyu alikuwa na kazi nzuri mjini, tena alimpenda mama yake. Naanza na hilo ili asije mtu akamhukumu mapema. Mama mwenyewe alikuwa mjane, akikaa peke yake juu mlimani, kule ambako masika yakishika barabara inageuka uji wa udongo mwekundu. Mwaka mmoja yule mama akashikwa na homa mvua zikiwa zimepamba moto. Mwanawe akaondoka mjini mbio, lakini hata nusu ya mlima hakufika. Gari likalalia tumbo juu ya tope, magurudumu yakawa yanazunguka bure. Alichimba mpaka mikono ikatoka malengelenge. Mwisho akavutwa na trekta kurudishwa alikotoka, na mama hakumwona. Majirani ndio waliomuuguza mpaka akapona.

Jambo lile lilimkaa moyoni. Akaapa kwamba halitatokea tena. Akajinyima, akanunua gari kubwa, lile la safu tatu za viti, na moja kwa moja akalipeleka gereji.

Fundi akamweleza taratibu. Alisema mtu anaweza kubadili springi na shokapu tu, bodi ikapanda kidogo, akafunga matairi makubwa kiasi, na njia nyingi zikapitika. Anaweza pia kupanda zaidi ya hapo, akafunga yale matairi mapana yenye meno, yanayotafuna tope. Lakini kadiri gari linavyokwenda juu, ndivyo linavyoyumba kwenye kona, na usukani unakuwa mzito. Ushauri wake ulikuwa kipimo cha kati.

Yule bwana hakuamua siku ile. Kila aliposimama maegeshoni alikuwa anachungulia chini ya magari ya watu. Alipapasa matairi kwa kiganja kama mtu anayechagua ndama mnadani. Mkewe akamtania kwamba siku hizi wanakula chakula cha jioni watatu: yeye, mumewe na tairi. Lakini mawazo yake yote yalikuwa kwenye ile barabara nyekundu. Mwishowe akarudi kwa fundi.

“Nyanyua mpaka mwisho,” akasema. “Nataka nikiitwa na mama, nifike.”

Mnasemaje, wapendwa? Kuna ubaya hapo? Mimi sioni.

Basi, masika mengine yakaja, na binti wa yule bwana, aliyepewa jina la bibi yake, akawa anabatizwa mjini. Mwana akaenda kumchukua mama. Lile gari lilipanda mlima kama linapanda kitanda. Matope yaliyomshinda mwaka ule aliyapita akiimba. Watu wakatoka majumbani kutazama. Mama naye akatoka, amevaa gauni lake la kanisani na kilemba, mkoba kwapani, akausogelea mlango.

Sakafu ya gari ilimfika kifuani.

Akainua mguu, ukakataa. Akajaribu ule mwingine, nao ukakataa. Akacheka kidogo kwa haya, kama mgeni aliyekosea njia. “Mwanangu,” akasema, “gari lako limenifikia. Mimi ndiye sijalifikia.”

Yule bwana akakimbilia ndani, akatoa kigoda. Kikadidimia kwenye tope. Akatazama huku na huku, hakuona kingine. Ndipo akapiga magoti palepale, na suruali yake ya suti, akampa mama paja lake.

“Kanyaga hapa, mama.”

“Nikukanyage wewe, na nguo za kanisani?”

“Umenibeba mgongoni njia hii hii. Kanyaga.”

Mama akavua kandambili, akaweka unyayo wake juu ya paja la mwanawe, na kiganja juu ya kichwa chake apate kujishikiza. Akapanda. Alipokwisha kukaa kitini, kile kiganja kilikuwa bado kiko kichwani pa mwanawe, na yule bwana hakuinuka upesi. Hakukumbuka ni lini mama yake alimgusa mara ya mwisho. Wakaenda ubatizoni, baba wa mtoto akiwa na tope mpaka mapajani, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Hata hivyo, aibu ya siku ile haikumwacha. Akarudi gereji, akaomba achomelewe ngazi nzuri ya chuma chini ya mlango, na mpini wa kushika. Alipokwenda tena kumchukua mama, alisimamisha gari mlangoni, injini inanguruma. Akapiga honi, akaufungua mlango kwa ndani.

“Panda, mama. Safari hii nimekuwekea ngazi.”

Mama akaitazama. Akaishika, akaitikisa, akaona ni imara. “Ni nzuri, baba. Mungu akubariki.” Lakini hakupanda.

“Miguu inauma?”

“Haiumi.” Akaiachia ngazi. “Nilikuwa nakungoja wewe ushuke.”

Ndugu zangu, ngazi si dhambi. Mjengeeni mama ngazi, mtumieni dawa, mpelekeeni blanketi. Lakini niwaulize: ni nani leo amesimama mlangoni kwake, amevaa, anatusikia tukipiga honi? Ni mama? Ni mke uliyemjengea nyumba yenye kila kitu isipokuwa wewe? Sisi ni hodari wa kupeleka vitu. Tunanyanyua, tunachomelea, tunafunga, tunakwenda mpaka mlangoni kabisa, halafu tunabaki kwenye usukani na kushangaa mbona hawapandi.

Bwana wetu angeweza kututeremshia ngazi tu, akabaki juu. Alishuka mwenyewe. Alipiga magoti kwenye tope letu, nasi tukamkanyaga, tukapanda.

Yule bwana alizima gari, akashuka. Mama akamwekea mkono kichwani, hata kabla hajaigusa ngazi.

Nasi tushuke.