Moto wa Bi Mwanamize

Mko macho? Tazameni nyota ile nyekundu, iliyovimba kwa wivu. Huyo ni Bi Mwanamize, mke mkubwa wa Mwezi, na wekundu ule ni moto wa jiko lake.

Mke mdogo, Siwatu, alikuja mara tatu: “Dada, nigawie kaa la moto.” Mara tatu Mwanamize alisikia hatua zake, akaufukia moto majivuni. “Sina! Umezimika!”

Ikafika jioni ya zamu ya Mwanamize kuwa na mume. Akaupuliza moto, ukawaka. Hatua zikasikika. “Kaja tena, mwizi wa mume!” Akaufukia.

Kumbe ni Mwezi. Alipoona giza akasema, “Mke wangu keshalala,” akapita kwenda kwa Siwatu.

Mpaka leo Mwanamize huupuliza moto akimngoja mumewe. Akisikia hatua tu, huufukia.