Mteremko Husifu Kila Gari

Mteremko husifu kila gari. Ndivyo alivyosema shangazi yenu jana, pale wageni walipokuwa wakimsifia yule mchumba wa dada yenu kwamba tangu wamfahamu hajawahi kukunja uso. Mliona wazee wakitikisa vichwa na mazungumzo yakageuka, nanyi mmebaki kuniuliza usemi huo umetoka wapi. Umetoka hapa hapa, katika bonde letu la Luvanga. Endeleeni kupukuchua mahindi, nami nitawaeleza jinsi ulivyozaliwa.

Wakati huo kikundi cha wakulima wa nyanya kilikuwa na pikapu moja kuukuu, iliyonunuliwa ikiwa tayari imechoka. Nanyi mnajua bonde letu lilivyo: kutoka ni kupanda. Soko liko juu, hospitali iko juu, hata kanisa kubwa liko juu. Pikapu ile ilipokufa kabisa, mwenyekiti wa kikundi, Odilo Mgaya, alikaa kama mtu aliyefiwa. Nyanya zilikuwa zinaiva, na kila mwanachama aliyekutana naye njiani alimsalimu kwa macho ya kuuliza.

Odilo alikuwa mtu wa utaratibu, si mropokaji wala mpenda makuu. Lakini lile gari kuukuu lilikuwa limemtia aibu kwa muda mrefu. Kila lilipoingia sokoni likitoa moshi, wachuuzi walilitania, naye alicheka pamoja nao kwa mdomo tu. Basi akaweka nia kwamba safari hii kikundi kitanunua gari jipya, lisilowahi kupita mikononi mwa mtu.

Alilipata kwa wakala mmoja mjini: pikapu nyeupe, ndefu, viti bado vimevikwa nailoni. Alipolieleza mkutanoni watu walifurahi, ila maneno nayo yakaanza. Mmoja alisema amesikia injini za aina ile ni ndogo kuliko mwili wa gari, na kwamba huchemsha upesi. Mwingine alisema shemeji yake kaambiwa zinakula oili. Odilo akawauliza kwa upole, "Katika ninyi, nani ameliona hata moja likichemsha?" Hakuna aliyeinua mkono.

Hata hivyo hakuyapuuza maneno yale. Alipanda tena mjini, akamtafuta mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa na gari la aina hiyo hiyo. Mwalimu alimweleza ukweli wake wote: analipenda, halijawahi kumlaza njiani, na kwa fundi huenda kubadilisha oili tu. Odilo alishukuru, moyo ukatulia. Hakumwuliza mwalimu huwa analiendesha wapi. Laiti angemwuliza, angejua kwamba lilikuwa likitoka nyumbani hadi kwenye ng'ombe wake, njia yote ni lami tambarare, na mzigo wake mkubwa ulikuwa ndoo za maziwa.

Wakala alikubali gari lishushwe bondeni, wanachama walione kabla ya kutia sahihi. Lilikuja asubuhi moja, kijana wa wakala aitwaye Rashidi Mkumba akiwa kwenye usukani na Odilo kando yake. Lilishuka mlima wa Luvanga kama maji juu ya jani la mgomba. Injini haikusikika. Kona zile mnazozijua, zinazofanya abiria washikane mabega, lilizipita kimya kimya. Watu mashambani walisimama na majembe yao kulitazama, na Odilo, ambaye hakuzoea kupunga mkono, alijikuta anapunga.

Kwenye uwanja wa ghala kina mama walipiga vigelegele. Mmoja alifuta vumbi kwenye boneti kwa upindo wa kitenge chake. Mzee mmoja alilizunguka polepole, akasema, "Hili limetulia," na wengine wakayapokea maneno hayo wakayarudia kama wimbo. Kama karatasi za kutia sahihi zingekuwepo pale, zingekwisha kutiwa.

Aliyekuwa kimya ni Leokadia, mke wa Odilo. Mimba yake ilikuwa imefika mwisho, na wakunga walikwisha kumwambia asingoje uchungu bondeni, aende akakae karibu na hospitali mapema. Kitita chake kilikuwa tayari, kimefungwa.

"Baba Agripina," alimwambia mumewe, "linapanda lini?"

"Rashidi anarudi nalo mchana."

"Basi nitapanda nalo. Na kwa kuwa linarudi tupu, kwa nini nyanya zioze?"

Odilo alimtazama Rashidi. Kijana hakuwa na hila yoyote. Alisema ni sawa, gari ni la mizigo. Wakapakia matenga ya nyanya hadi juu ya mbao za ubavuni, wakafunga kamba. Leokadia akaketi mbele katikati ya wanaume wawili, wakaaga.

Mwanzoni lilipanda vizuri. Rashidi alikuwa akisimulia habari za mjini. Walipoipita ile kona ya mchongoma alinyamaza, akazima kiyoyozi, akateremsha vioo. Odilo aliona mshale wa joto umeanza kunyanyuka. Aliutazama kama mtu atazamaye mtoto anayekaribia moto, akiwa na tumaini kwamba atageuka mwenyewe. Mshale haukugeuka. Sauti ya injini ikawa ya kukoroma, mwendo ukapungua hata mtu aendaye kwa miguu angeweza kuandamana nalo, kisha taa nyekundu ikawaka na gari likasimama penye mwinuko mkali kuliko yote.

Rashidi alivuta breki ya mkono. Odilo akaruka chini kutafuta mawe, akayaweka nyuma ya magurudumu. Mvuke ulikuwa ukitoka pembeni mwa boneti. Alipomshusha mkewe, alihisi mkewe amemkaza mkono.

"Ndio uchungu wenyewe?" akamwuliza.

Leokadia alivuta pumzi, akatulia. "Hapana. Tumbo limenikaza tu. Nitafutie mahali nikae."

Alimketisha juu ya jiwe kando ya barabara, akamkinga jua kwa koti lake. Wanaume wawili walishusha matenga moja baada ya jingine, ili gari liwe jepesi, lakini walijua wote wawili kwamba injini isingewashwa mpaka ipoe. Na Odilo alikuwa akihesabu mengine kichwani. Je, ungekuwa uchungu kweli? Je, kungekuwa na mvua? Ilimjia picha ya mama yeyote wa bondeni ameketi juu ya jiwe lile, na yeye mwenyekiti ndiye aliyemleta hapo.

"Mwenyekiti," Rashidi alisema baadaye, akijifuta jasho, "gari hili si bovu. Mjini tunaliendesha kila siku, halijatusumbua."

"Nakuamini," Odilo alijibu. "Hata mimi limenishusha vizuri leo asubuhi."

Hapo ndipo Leokadia aliposema. Hakusema kwa hasira wala kwa kumsuta. Alikuwa ameweka mikono juu ya tumbo, akitazama bonde chini.

"Mteremko husifu kila gari, Baba Agripina."

Odilo aliketi chini karibu na miguu yake.

Jua lilipoanza kulegea walisikia injini nyingine ikipanda. Ilikuwa pikapu ya Bi. Zamda, mfanyabiashara wa maharage, rangi imebabuka, magunia yamepita kichwa. Ilikuja taratibu, kwa sauti ile ile moja, ikasimama mbele yao. Bi. Zamda alimwona Leokadia, hakuuliza maswali. Alihama kiti cha mbele, kando ya dereva wake, akampisha, yeye na Odilo wakapanda juu ya magunia, Rashidi akabaki na gari.

Njia nzima Odilo aliisikiliza injini ile chini yake. Mwishowe akasema, "Bi. Zamda, hii yako haichemshi?"

"Mbio haina," mama yule alijibu. "Ukitaka mbio utalia. Lakini nimeinunua kwa ajili ya mlima huu, na kabla ya kuinunua nilimwomba mwenyewe anipandishe nayo nikiwa na mzigo. Alikasirika, ila alinipandisha."

Leokadia alifika salama, na baada ya siku chache alijifungua mtoto wa kike. Nyanya zilizobaki barabarani, nyingi ziliharibika.

Wakala alileta habari kwamba ni bomba la maji lililolegea, limekwisha kurekebishwa, karatasi ziko tayari. Odilo hakubisha. Huenda lilikuwa bomba kweli. Alimwomba Rashidi walipandishe mara nyingine, mzigo ule ule, mlima ule ule. Rashidi alimvuta pembeni akamwambia, "Mzee wangu, nalijua gari, na sasa naujua mlima wenu. Msilichukue."

Kazi ngumu ilibaki kuwakabili wanachama, ambao walikwisha kulibandika gari jina. Odilo alisimama ghalani. Alisema hawatalinunua, na kwamba watangoja mpaka lipatikane la injini kubwa kama ya Bi. Zamda, hata kama litakuwa na sura mbaya. Watu walinung'unika. Msimu ule walibeba matenga kichwani, na wengine walimlaumu waziwazi.

"Lakini sote tuliliona, Mwenyekiti," alisema yule mzee aliyelizunguka. "Lilitulia."

"Tuliliona likishuka, baba," Odilo alijibu. "Mama Agripina kaniambia, mteremko husifu kila gari."

Bibi mmoja akacheka polepole, na wenzake wakafuata. Gari walilonunua baadaye lilikuwa la kijivu, lenye kelele, na lilipanda mlima huu mpaka ninyi mkazaliwa.

Tangu hapo, bondeni kwetu, mtu akisifiwa kwa upole naye hajawahi kuudhiwa, au kwa uaminifu naye hajawahi kuachiwa ufunguo, hatubishi, twautaja tu usemi huo. Shangazi yenu naye hakumkataa yule kijana. Aliomba tu wasiharakishe, wamwone na mzigo mgongoni, kwa maana mteremko husifu kila gari.