Ulimi wa Enanga

Hapo zamani, zamani yenye ukungu mpaka mchana, palikuwa na kisiwa ambacho watu wake walisema Kihispania. Ng'ambo, chini ya mlima, watu walisema Kiingereza. Lugha hizo mbili zilikuwa na maneno yaliyofanana sura kama pacha, lakini kila moja lina nia yake. Mgeni akiyaamini, yanamponza.

Enanga alitoka ng'ambo akaolewa kisiwani. Miezi ya kwanza alitembea kama aliye ndotoni: anasikia, anakaribia kuelewa, halafu maana inamponyoka.

Mama mkwe wake, Nchama, hakuwa na mchezo. Alichukua mkaa akaandika ukutani jikoni maneno yote yenye hila. Ropa si kamba, ni nguo. Pan si kikaango, ni mkate. Kila asubuhi kabla ya uji Enanga aliyasoma, na akikosea moja anaanza upya. Akayajua yote, akaogopa kufungua mdomo.

Jirani yao Obono yeye kazi yake kucheka. Siku Enanga alipotaka sabuni akasema sopa, alipewa bakuli la supu. Kwa haya akalipokea, akashuka nalo kijitoni, nguo chafu kichwani. Obono alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalisimulia soko zima. Enanga alilia wiki nzima. Lakini neno la sabuni, jabón, halikumtoka tena.

Na wifi yake, Mangue? Huyo hakumsahihisha hata siku moja. Enanga akisema ropa huku akimwangalia mbuzi aliyefunguka, Mangue alileta kamba, wakaendelea na soga zao. Kwa Mangue aliongea mpaka akasahau kwamba anakosea.

Basi mchana mmoja uchungu wa kuzaa ukamshika, hakuna mtu nyumbani. Alijikokota hadi mlangoni akawaita wapita njia asiowajua. Akataka mkunga, maji ya moto, nguo safi, sabuni. Hakukwama, na hakuna neno lililomsaliti. Watu wakakimbia, mkunga akaja, mtoto wa kike akazaliwa, na mama akapona.

Sasa, desturi ya kisiwa ni hii: aliyempa mama ulimi ndiye humnong'oneza mtoto neno lake la kwanza, na mtoto humwita yeye mama maisha yake yote. Ni mmoja tu. Wengine hurudi nyuma, wala hawadai tena. Siku ya kumtoa mtoto nje, wanawake watatu walinyoosha mikono.

"Nguo ulizoziomba zilitoka ukutani kwangu, mwanangu," alisema Nchama. "Mimi ndiye niliyekufundisha."

Obono siku hiyo hakucheka. "Na sabuni je? Ya ukutani husahaulika. Nilikuumiza, najua, na nisamehe. Lakini neno lilikaa."

Mangue alisema polepole, "Wifi, hao walikupa maneno. Ungekuwa nayo yote ukanyamaza, leo tungekuwa makaburini."

Enanga aliwatazama. Wa kwanza Enanga alimwogopa, wa pili alimchukia kidogo bado, wa tatu alimpenda kama roho yake. Na kila mmoja alisema kweli, hilo ndilo lililomtesa. Mtoto alikuwa amefumbua macho, ametulia, anangoja neno.

Haya, mliokaa hapa, msinitazame mimi. Je, nani alistahili kumnong'oneza?