Wastani Hauezui Paa

"Wastani hauezui paa." Mmemsikia fundi akisema hivyo leo, mkacheka, kisha mkaniuliza neno hilo limetoka wapi. Limetoka hapa hapa kijijini kwetu Mlangoni, na limetoka msibani. Ilikuwa hivi.

Elinazi alikuwa fundi mwashi, mtu mpole, na ndiye tuliyemkabidhi ujenzi wa zahanati yetu. Dada yake, Naelijwa, alisomea hali ya hewa. Kazi yake mjini ilikuwa kuchunguza kama kompyuta zinaweza kuuiga upepo wa kiangazi, unakotoka na nguvu zake, kwa kulinganisha hesabu za kompyuta na vipimo vya miaka mingi vya vituo vya hali ya hewa. Kijiji kizima kilijivunia binti huyo.

Saruji ilipopungua, Elinazi alibaki njia panda. Ama amwage mkanda wa zege juu ya kuta na kulifunga paa kwa nondo, ama amalizie chumba cha wazazi, maana wanawake wetu walikuwa wakijifungulia njiani. Akampigia dada yake simu, akamuuliza upepo wa kiangazi huku kwetu una nguvu kiasi gani. Naelijwa akamjibu kwamba kwa wastani ni upepo wa kawaida, na kwamba hesabu za kompyuta zinakubaliana vizuri na vipimo vya kituo cha tambarare.

Hakusema uongo. Lakini alijua jambo ambalo hakulitamka. Kompyuta ile iliigawa nchi katika miraba mikubwa, na mraba mmoja uliimeza milima yetu yote miwili pamoja na mwanya huu tunamokaa, kana kwamba kote kuna upepo mmoja, ilhali humu mwanyani upepo hubanwa na kupita kwa kishindo. Kaka yake alikuwa na haraka, na yeye Naelijwa alikuwa kazini. Akaona atamweleza akija likizo.

Saruji ikaenda kwenye chumba cha wazazi. Paa likapigwa misumari tu.

Mwezi wa pili, mchana kweupe, upepo ulishuka mwanyani. Elinazi alikuwa nje akipaka dirisha rangi. Bati la kwanza lilipoinuka alikimbilia ndani, kwa kuwa mke wa jirani yetu Senkondo alikuwa amelazwa humo kwa uchungu wa kuzaa. Akambeba hadi uwanjani. Akarudi kumchukua mama mkwe wa yule mwanamke, kikongwe asiyeweza kukimbia. Walikuwa karibu na mlango kenchi za paa zilipoporomoka. Kikongwe alitoka na jeraha la mkono. Elinazi hakutoka.

Baada ya mazishi, Namkunda, mjane wa Elinazi, alimwita Naelijwa jikoni. Mimi nilikuwa nje nikipasua kuni, nikawasikia.

"Wifi, ulimwambia upepo ni mdogo?"

"Nilimwambia wastani."

"Wastani ndio nini?"

Naelijwa akaeleza polepole kwamba wataalamu huchukua siku zote za msimu, za utulivu na za dhoruba, wakazichanganya, wakapata upepo mmoja wa katikati.

Namkunda akauliza, "Na huo wa katikati huvuma siku gani?"

"Pengine hauvumi siku yoyote, wifi."

"Basi wastani hauezui paa," alisema, bila kupandisha sauti. "Mume wangu ameuawa na upepo wa siku ile."

Naelijwa alilia, akaomba radhi, akakiri kwamba habari za mwanya alizijua. Namkunda akamwambia amesikia. Kumkumbatia hakuweza, si siku hiyo, wala mwaka ule.

Baadaye Naelijwa alisimika kipima upepo mwanyani, akapiga hesabu upya kwa miraba midogo. Safari hii kompyuta iliuona upepo wetu, ila upepo wa siku kali kupita zote bado iliuona mdogo kuliko ulivyo. Tangu hapo, kila fundi aliyemuuliza, Naelijwa alimweleza kwanza udhaifu huo, ndipo akamtajia hesabu.

Waliokuja msibani walirudi makwao na neno la Namkunda. Mafundi hulisema wanapokunja nondo, na wengi hawajui nani alilia. Ninyi sasa mnajua. Mtu akikuambia mto ule kwa kawaida hufika magotini, muulize kwanza habari za siku ulipofurika, ndipo uvue viatu. Wastani hauezui paa.