Ndoo ya Bi Yeshimebet

Mjini Debre Markos, mke hapimwi kwa macho yake bali kwa macho ya injera yake. Injera, ule mkate mpana kama chapati, ikijaa vitundu, ndiyo macho yake, husifiwa. Isiyo navyo huitwa kipofu, na mpishi wake husemwa mtaa mzima. Simegnish, aliyeolewa miezi miwili tu nyuma, alijua kuipika, na alijua kwamba anajua.

Jirani yake, Bi Yeshimebet, alikuwa mjane mcheshi mwenye ndoo kuukuu ya kuchachishia unga wa teff, nafaka ya injera. Humo hubakishwa maji ya manjano, ndiyo chachu ya kuanzishia unga mwingine. Siku moja, wanawake wakichambua dengu uani kwake, Simegnish aliichungulia, akaziba pua.

"Mama, hii ndoo imewahi kuonja sabuni kweli?"

"Haijawahi, mwanangu, na wala haijalalamika."

"Ai! Mimi hata nilale njaa, siji kukuomba haya maji yako ya mende!"

Wenzao waliangua kicheko. Bi Yeshimebet naye alicheka, ingawa maneno yalimchoma.

Jumapili iliyofuata ikaja habari: baada ya wiki moja mama mkwe, Bi Tewabech, angekuja kula kwa mara ya kwanza nyumbani kwa mwanawe. Simegnish akajifunga kibwebwe. Jumatatu aliitoa ndoo aliyopewa na mama yake siku ya harusi, akamwaga bila kufikiri yale maji ya chini, akaisugua kwa sabuni na maji ya moto hadi ikameta. Kisha akakoroga unga, akafunika.

Alhamisi asubuhi alifunua. Povu hakuna, harufu ya uchachu hakuna. Kwa baridi ile ya mvua, rojo lilikuwa limetulia tuli kama chokaa. Ndipo alipotambua alichokimwaga. Masikini binti wa watu!

"Tununue tu sokoni," alisema mumewe, Getinet.

"Ya sokoni mama yako ataijua kwa kuigusa tu!"

Haya ilimjaa, lakini angefanyaje? Alificha kikombe ndani ya shuka lake, akaenda kusimama mlangoni kwa Bi Yeshimebet.

"Mbona mkono umeufunika, umeungua?"

"Mama... nimeosha ndoo."

Bi Yeshimebet alimkodolea macho, kisha akacheka hadi akashika ukuta. "Umeiosha chachu ya mama yako! Lete hicho kikombe. Ila hao mende wangu uwatunze."

"Nisamehe, mama," Simegnish alisema huku machozi yakimdondoka.

"Sogea huko, utanitilia chumvi ndooni."

Mama yule hakuwa na kinyongo hata chembe. Alimjazia kikombe, na Jumamosi akaja mwenyewe kumsimamia, achote rojo kidogo, alipike uji, alirudishe ndooni ili injera ipate macho.

Jumapili Bi Tewabech alimega, akatafuna, akafumba macho. "Mwanangu kaoa! Hii mikono kaifunza nani, mama yako?"

Getinet alikwisha kuitikia kwa kichwa. Ilikuwa rahisi mno kusema ndiyo. Lakini Simegnish alitikisa kichwa.

"Hapana, mama. Chachu ya mama yangu niliiua kwa sabuni. Hii ni ya jirani niliyemtukana mbele ya watu."

Bi Tewabech aliliweka tonge chini. "Na huyo jirani yuko wapi," aliuliza, "sisi tukiwa tunakula?"

Simegnish alitoka mbio, akarudi naye kamshika mkono. Alikunja injera na mchuzi wa kuku, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe, kama wanavyolishwa huko wanaoheshimiwa.

"Mpe na la pili!" Bi Tewabech alidakia. "Wazee husema, tonge moja huleta ugomvi."

Simegnish alilikunja la pili, kubwa kuliko la kwanza. Tangu siku hiyo, akisikia mtu anaicheka ndoo ya mwenzake, humkatiza hapo hapo: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.