Chewa Aliyeitikia Kila Shikamoo

"Paukwa?"

"Pakawa."

"Nina kisiwa mdomoni."

"Kiteme tukione."

Haya, nakitema. Kisiwa hicho kilikuwa na mwamba, na mwamba huo ulikuwa na wenyewe. Wanawake wa kisiwa walikaa, wakakubaliana, wakachomeka mti mwambani na kuufunga kuti la mnazi. Kuti likishafungwa, pweza hashikwi miezi mitatu, mpaka mayai yaanguliwe. Hashiki mke wa jumbe, hashiki mgeni. Bi Mwanakheri ndiye aliyepewa kazi ya kulikagua kuti kila bamvua, siku ambazo maji hutoka mpaka mwamba ukakauka.

Baharini wote walitii, isipokuwa Chewa, samaki mnene, mdomo kama mlango. Alikuja na maji kujaa, akapita chini ya kuti mchana kweupe, gubu, akameza pweza. Kesho yake, gubu, mwingine. Niliposimuliwa nilishika kichwa. Kuti analiona, macho anayo!

Akabaki pweza mmoja, mama, amekumbatia mayai yake pangoni. Akiliwa huyo, hakuna pweza tena.

"Kesho ni wewe," Chewa alimwambia, bila haya.

Kaa mdogo alisikia. Pweza hula kaa, jamani, lakini Kaa aliona mbali: pweza wakiisha, Chewa atageukia kaa. Akazunguka mwamba mzima, akawanong'oneza wenzake. Kesho yake ilikuwa bamvua.

Asubuhi Chewa akaja. Kaa akatoka shimoni, tiki tiki tiki.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

Akataka kupita, akatokea Changu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

Maji yakashuka, chwaa. Akaja Kamba na watoto wake arobaini, mmoja mmoja.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

Maji yakashuka, chwaa.

"Nipisheni, nina njaa," alisema Chewa.

"Babu, utamwacha mtoto na shikamoo yake mdomoni?" Kaa aliuliza. "Watasema mkubwa mzima hana adabu."

Mnaona maajabu? Sheria ya kuti aliivunja, lakini kuitwa hana adabu aliogopa. Mpaka leo nashangaa. Akaitikia, akaitikia, hata alipotaka kugeuka, tumbo likakwama kwenye mawe. Maji yamekwisha, jua linawaka.

Akatokea Bi Mwanakheri na kikapu chake. Akatazama kuti, limekaa sawa. Akachungulia pangoni, mama pweza yupo na mayai yake. Akamtazama Chewa.

"Bibi, mwamba umefungwa," Chewa alisema, anahema. "Kuna kuti pale."

Kaa akakohoa. "Kuti ni la pweza, bibi. Chewa hakutajwa."

Bi Mwanakheri alifikiri kidogo. "Kweli," akasema, "kikaoni hakutajwa." Akawaita wenzake sita waje kusaidia kubeba. Kisiwa kizima kilinuka mchuzi siku ile, na mayai yakaanguliwa kwa amani.

Hadithi yangu imekauka hapo, aliyeipenda ailoweke.

Na funzo, watoto, ni hili: kuvunja sheria hakudhuru mtu, kinachoua ni adabu. Kwa hiyo nyie mnaonijia kila asubuhi na shikamoo zenu, mmepanga foleni mlangoni, kuanzia kesho siitikii.