Dakika Nane za Mwalimu Shekiondo

Kaeni vizuri. Swali linakuja mwishoni, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Si zamani sana, enzi zile kompyuta ya nyumbani ilikuwa na kisogo kikubwa na ikifunikwa kitambaa cha kufuma, alikuwepo mjane mmoja kwenye nyumba za shamba la mkonge, upande wa Korogwe. Aliitwa Mama Mwanahawa. Watoto wake watatu, wote watu wazima, kila mmoja alikuwa na lake. Mwanahawa alijaliwa macho: hasomi kitu nusu, hata gazeti lililofungiwa maandazi atalimaliza. Hoza alijaliwa mikono: redio, pasi, saa ya ukutani, alifungua na kufunga mpaka akajua, hakufundishwa na mtu. Kibibi alijaliwa miguu na mdomo: akitumwa anafika, akifika hanyimwi.

Baba yao, Mwalimu Shekiondo, alikuwa amefariki. Ndani ya kompyuta ile aliacha dakika nane za sauti yake. "Ni mimi baba yenu. Leo Jumapili, mvua inanyesha, mama yenu anakaanga mihogo." Mambo ya hivyo hivyo tu. Kila Jumapili baada ya chai waliifungua, wakamsikia yeye, na nyuma yake mihogo ikilia kwenye mafuta. Nakala nyingine haikuwepo popote.

Jumapili moja Mama alitangulia kukaa kwenye kompyuta, anatafuta mitindo ya vitambaa mtandaoni. Kikatokea kidirisha chekundu, kwa Kiingereza cha adabu: kompyuta yako ina virusi mia tatu na kumi na viwili, tukusaidie? Mama alilelewa kwamba ukipigiwa hodi unaitika. Akabonyeza ndiyo. Kikaja cha pili, akakiitikia. Cha tatu nacho akakikaribisha.

Watoto walipoingia, mgeni alishakaa: programu yenye picha ya ngao, inajiita kinga, haifungiki. Wakigusa sauti ya baba inakataa, eti faili hili ni gonjwa. Chini kitufe kimoja: ondoa maambukizi.

"Tuyaondoe basi," Mama akasema, kidole kiko kwenye kipanya. "Mwalimu atakaaje humo na maradhi?"

Mwanahawa alikuwa anasoma. Orodha nzima, mstari kwa mstari, mpaka maandishi madogo ya chini.

"Mama, toa mkono. Hoza, humu tuna diski ngapi?"

"Moja."

"Huyu anasema amekagua nne. Mwongo. Na kwenye vitakavyofutwa, baba ni wa tano."

Mama alitoa mkono kama aliyegusa pasi ya moto.

Hoza akachomoa modemu, akazima mashine, akaiwasha akiwa amekandamiza kitufe mpaka ikaamka nusu nusu, na vitu vichache tu. Mgeni hakuamka nayo. Hoza akamsaka faili kwa faili, shati limelowa, akampata alikojificha akamfungia. Akiiwasha mashine kawaida, mgeni huyo tena, na jina jipya. Akamfungia tena. Mara nne hivyo.

"Nimemshika shingo," akasema, "ila mizizi siifikii. Inatakiwa programu ya kweli ya kusafisha, na mtandaoni hatuwezi kuipata, kaziba njia zote. Nikimwachia atamaliza alichoanza."

Kibibi akachukua baiskeli ya marehemu. Kilomita kumi na nane za vumbi jekundu, katikati ya mkonge, jua la saa saba. Mjini fundi akamwambia, "Ilete niifute yote, niiweke upya. Ndiyo kazi."

"Kaka, ukifuta umemzika baba yangu mara ya pili."

Fundi akakuna kichwa, akatoa flashi yenye programu.

"Hiyo imelala na kompyuta ngapi? Nichomee kwenye sidii, isirudi na ugonjwa mwingine."

"Mdomo huo mumeo anauweza?"

"Choma sidii, kaka."

Alirudi nayo ameifunga tumboni kwa kanga. Alasiri mashine ikawa safi. Wakafungua faili. "Ni mimi baba yenu." Mama akakaa chini, akajifunika ushungi usoni.

Sasa sikilizeni. Tangu msiba, nyumba ile haikuchinja kuku, kwa sababu firigisi ni ya baba wa nyumba, na nani angeila? Jumapili iliyofuata Mama akachinja jogoo. Akasema, "Leo firigisi inapata mwenyewe. Ni ya aliyemrudisha Mwalimu."

"Yangu hiyo," Hoza akasema. "Dada aliona tu. Kuona hata paka anaona."

"Ningenyamaza ungeshika shingo ya nani?" Mwanahawa akajibu. "Ungekuta kompyuta tupu."

"Mmoja kaona, mmoja kashika," Kibibi akasema, "na bila sidii yangu mngekuwa mmeshikana naye mpaka leo."

"Basi ikatwe vipande vitatu," Hoza akasema.

"Firigisi ya Mwalimu haikatwi," Mama akasema. "Miaka thelathini aliila nzima."

"Kula wewe, Mama," Mwanahawa akasema.

"Mimi niliyemfungulia mwizi mlango?"

Sahani iko mkononi mwake, mchuzi unapoa, watoto watatu wanamtazama. Nami nakomea hapo. Usinijibu kwamba wote wanastahili. Hilo hata Mama analijua, na firigisi ni moja. Sahani hiyo ingekuwa mkononi mwako wewe, ungemwekea nani?